Naomba ushauri: kichwa cha treni kimekwama karakana

Wakuu, habari zenu. Niko Uingereza, najitolea na kikundi kinachounda upya kichwa cha treni ya mvuke, aina ambayo vyote vilishaishia kwenye chuma chakavu. Fremu na magurudumu tayari. Boila, tangi la kuchemshia maji yatoe mvuke, ndiyo imetukwamisha kwa bei. Kila Jumamosi tunasugua kutu na kupaka grisi magurudumu yaleyale. Mafundi wetu ni wazee, vijana wanakuja, wanapiga picha, hawarudi.

Tornado, kichwa kingine cha mvuke kilichoundwa upya hapa Uingereza, ilikamilika Darlington mwaka 2008 kwa watu wengi kuchangia kidogokidogo kila mwezi, na boila ikatoka Meiningen, Ujerumani. Sisi wachangiaji wanapungua. Tusimamishe kazi tutafute pesa kwanza? Lakini karakana ikinyamaza, nani atachangia? Au tubembeleze vyuo vya ufundi watuletee wanafunzi? Mwenye uzoefu anisaidie.