Samaki hana uboho: homoni ya kuchochea damu hutoka wapi?

Mfugaji, Ruai
Hamjambo wenzangu. Juma lililopita umeme ulikatika usiku, pampu ya hewa ikazima, na kulipopambazuka ngege wangu walikuwa juu ya maji wakihema. Mmoja aliyekufa nilimpasua, nikaona utepe mwekundu uliokoza, umeshikamana na uti wa mgongo, nikaambiwa ndiyo figo. Kwa binadamu, figo hutoa homoni inayoamrisha uboho utengeneze seli nyekundu. Je, samaki asiye na uboho huwaje?

Mwalimu wa bayolojia, Kasarani
Ndugu, homoni hiyo, eritropoietini, samaki anayo. Mwaka 2004 watafiti walieleza jeni yake katika bunju wa Japani anayeitwa fugu, na jambo lililonivutia kuliko yote ni kwamba ilionekana kufanya kazi zaidi moyoni, si kwenye figo. Figo ya samaki, hasa sehemu ya mbele iliyo karibu na kichwa, ndiyo karakana yenyewe ya damu. Kwa hiyo kiungo ambacho kwetu hutoa amri, kwa samaki ndicho hupokea amri na kuitekeleza.

Mfugaji, Ruai
Ahsante sana, mwalimu. Basi waliopona usiku ule waliokolewa na homoni hiyo?

Daktari wa mifugo, Kabete
Hapana, ndugu yangu, kwa sababu seli mpya huhitaji siku kadhaa kukomaa, na usiku mmoja hautoshi. Hewa inapopungua ghafla, msaada wa haraka hutoka kwenye wengu, ambao husinyaa kwa msukumo wa neva na adrenalini na kumwaga akiba yake ya seli nyekundu katika mzunguko wa damu ndani ya dakika chache. Eritropoietini ni ya shida inayodumu.

Ukipata hadubini, paka tone la damu kwenye kioo. Seli nyekundu ya samaki hubaki na kiini chake maisha yote, tofauti na yetu. Iliyokomaa ina umbo la yai, changa ni ya mviringo zaidi, na changa zikiwa nyingi ujue karakana inafanya kazi kwa bidii. Tazama matamvua pia: yakipauka, shuku upungufu wa damu, yakiwa ya kahawia, pima nitraiti, yaani kemikali yenye sumu itokanayo na uchafu wa samaki, katika maji leo hii, kwani hapo seli zipo ila haziwezi kubeba oksijeni.