Ekzosi ya injini ya rota kwenye ndege ya kujijengea: sailensa gani itadumu?

Fundi_Ngaramtoni
Wakuu, poleni na majukumu. Nina 13B, injini ya rota mbili ya Mazda, niliyoitoa kwenye gari la RX-7 lililogongwa, naijengea ndege ya viti viwili. Kwa sasa imefungwa kwenye stendi nyuma ya nyumba, na hapo ndipo balaa lilipo. Nikiwasha, ng'ombe wa jirani wanakata kamba. Juzi mzee mwenyewe aliitikia shikamoo yangu, akanyamaza kidogo, kisha: "Kijana, hiyo ndege itaondoka lini?"

Nimeshamaliza sailensa mbili. Ya kwanza ya gari, ile yenye pamba ya glasi: dakika arobaini tu, pamba yote ilitemwa nje. Ya pili nilichomelewa Unga Limited, chuma cha kawaida, vibati vitatu ndani vya kukata kelele. Saa ya tatu nikasikia kitu kinacheza kama mawe kwenye debe. Kuipasua, vibati viwili vimekatika, cha tatu kimeliwa kingo.

Kubana moshi sana sitaki. Uwanja wa ndege wa Kisongo, Arusha, uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi imeshanila nguvu kabla sijaruka.

GerejiMajengoMoshi
Mkuu, hiyo usiichukulie kama pistoni. Haina valvu. Tundu la moshi limetobolewa kwenye ukuta unaozunguka rota. Ncha ya rota ikipita tu, mlango uko wazi kwa mpigo, na mafuta mengine bado yanawaka. Ndiyo maana inapasua masikio. Nyuzi 900 za Selsiasi kwenye bomba ni kawaida yake, chuma cha kawaida hapo ni karatasi. Tafuta chuma cha pua cha 321. Ukipata Inconel, aloi ya nikeli inayohimili moto, mshukuru Mungu.

Pamba sahau. Vibati visikae karibu na injini. Anza na chumba kitupu, moshi utanuke na kupoa kidogo, ndipo lifuate bomba la matundu.

Na usilikaze bomba huku na huku! Mita moja ya chuma cha pua kwa moto huo inarefuka kama milimita 15. Acha kiungo kimoja kiteleze, la sivyo litapasuka kwenye flanji, pale linapofungwa kwa bolti, kila wiki.

mlaji_wa_ndizi
Unachinja RX-7? Laana hiyo 😂
Weka tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi na kusukuma hewa ndani ya injini), kaka. Panga lake linakula ule mpigo wa moshi, kelele inashuka yenyewe, na nguvu unayoililia Kisongo inarudi.

Fundi_Ngaramtoni
Tabo niliiwaza, ila pua ya ndege imeshakuwa nzito na joto chini ya boneti linanitisha. Vipi lile bomba pofu la pembeni, lililozibwa mwisho? Kuna anayejua urefu wake?

GerejiMajengoMoshi
Piga hesabu. Kila rota inatoa mpigo mmoja kwa mzunguko wa shafti. Rota mbili, mizunguko 6,000 kwa dakika: mipigo 200 kwa sekunde. Kwenye moshi wa nyuzi 900 sauti inakimbia kama mita 690 kwa sekunde, kwa hiyo robo ya wimbi, ambayo ndiyo urefu wa bomba lako pofu, ni sentimita 86 hivi. Moshi ukipoa, urefu unaotakiwa unapungua. Litakusaidia kwenye mwendo uliolipimia tu, ukipunguza moto kelele imerudi. Halafu sentimita 86 utazificha wapi?

Ungepata injini ya RX-8, gari lililoifuata RX-7, ingekuwa nafuu: matundu yake ya moshi yako kwenye sahani za ubavuni, yanafunguka taratibu.

Jambo moja usilipuuze: ufa kwenye ekzosi ndani ya boneti ni moto, na kaboni monoksidi ikiingia chumba cha rubani haina harufu. Funga kipimo chake.

Fundi_Ngaramtoni
Nimekuelewa, kaka. Naanza na chumba kitupu na kiungo cha kuteleza, bomba pofu baadaye. Mzee nimempa ratiba: nitawasha saa nne asubuhi, ng'ombe wakiwa malishoni. Kakubali. Kuku hakuwataja, nami sikumkumbusha.