Kijana ana miaka 16, taya la chini limetangulia: upasuaji sasa au asubiri?

MamaUsaRiver
Wakuu habari zenu. Kijana wangu yuko kidato cha nne, taya la chini limetangulia mbele. Akifunga mdomo, meno ya chini yanapita mbele ya yale ya juu. Andazi halikati kwa meno ya mbele, analisukuma pembeni kwenye magego ndiyo alirarue. Hindi la kuchoma anapukuchua kwa vidole.

Daktari wa kupanga meno amesema tatizo ni mfupa, waya peke yake hazitoshi, atahitaji upasuaji ila asubiri. Mwingine akasema tung'oe meno mawili ya chini, waya zivute yaliyobaki nyuma, yaishe. Mimi nawaza amalize mtihani Novemba, afanyiwe, apone kabla ya kidato cha tano Julai. Baba yake anataka tuwahi bima ikiwa hai. Nishaurini, naumia kumwona anaongea huku kaziba mdomo kwa mkono.

Mangi_Kibosho
Ng'oeni hayo mawili dada. Kijana wa jirani yangu alifanyiwa hivyo, yamekaa vizuri tu.

TabibuWaMeno
Mangi, huenda wa jirani yako tatizo lake lilikuwa dogo. Mama, nakuomba asing'olewe jino hata moja mpaka muamue njia, maana njia hizi mbili zinavuta meno pande tofauti. Taya likitangulia, meno ya chini huwa yameshajilaza kwa ndani ili yakaribiane na ya juu. Ya kung'oa inayalaza zaidi kuficha kasoro. Ya upasuaji inayasimamisha kwanza, yasogee mbele, ili daktari apate nafasi ya kurudisha taya lote nyuma. Ukianza na ya kwanza halafu mwakani ukageukia ya pili, mnaanza kubomoa kilichojengwa.

Kuhusu muda: taya la chini ndilo linalochelewa kuacha kukua, hasa kwa wavulana. Wasichana wengi humaliza mapema kidogo. Mvulana mwenye taya la namna hii mara nyingi husubirishwa mpaka miaka 18, hata 21. Ukilirudisha nyuma leo nalo bado linakua, linaweza kutangulia tena na akahitaji upasuaji wa pili. Likizo ya Novemba hadi Julai ni ndefu, ila mfupa hauifuati. Njia ya kujua ni kupiga eksirei ya kichwa kwa upande, kurudia baada ya miezi 6 hadi 12, kisha kulinganisha. Zikifanana, ndipo mnapanga. Je, suruali za shule bado zinamfupia?

Na waya msiharakishe. Kwa kawaida huvaliwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kabla ya upasuaji, na miezi kadhaa baadaye. Akivalishwa leo atakaa nazo miaka akisubiri, meno yatoboke bure.

Wapo wanaofanyiwa mapema: anayekatika pumzi usingizini, au ambaye taya limeganda halifunguki. Je, anakoroma sana?

Njiro_Damu
Shikamoo mama. Mimi nilifanyiwa nikiwa na miaka 21. Mwandae kwa kipindi cha waya: meno ya chini yanaposogezwa mbele, sura inazidi kuharibika kwanza. Nilitaka kuzitoa. Baada ya upasuaji ni uji na mtori uliosagwa laini kwa wiki kadhaa. Mdomo wa chini ulikufa ganzi, ukarudi polepole, ila kipande kidogo cha kidevu mpaka leo sikihisi vizuri. Pamoja na hayo, ningerudia tena.

Mangi_Kibosho
Daktari, nasikia siku hizi wanaanza na upasuaji, waya baadaye?

TabibuWaMeno
Ipo, na inafupisha safari kwa ambao meno yao yamejipanga vizuri tayari. Lakini hata hao, taya lazima liwe limeacha kukua.

MamaUsaRiver
Marahaba mwanangu, asante sana. Daktari, hakoromi, ila suruali nimenunua Januari na zimeshapanda juu ya kifundo. Nimekuelewa. Meno yake yana kahawia la maji ya huku kwetu, waya zitashika?

TabibuWaMeno
Hushika, ila vile vibati vya kushikilia waya hubanduka mara nyingi zaidi kwenye meno ya hivyo, kwa hiyo mtaje mapema kwa anayepanga meno. Muulize pia magego ya mwisho. Wengi hupenda yang'olewe kama miezi 6 kabla ya upasuaji, mfupa uzibe. Kwa sasa apige hiyo eksirei ya kwanza, muitunze vizuri, maana ya mwakani italinganishwa nayo.

MamaUsaRiver
Jumatatu tunakwenda. Baba yake nimeshamsomea uzi wote.