Naombeni ushauri: natoaje rangi ya zamani kwenye modeli za Spitfire bila kuharibu plastiki?

Rejeta_Mbili:
Wakuu habari za humu. Naombeni msaada wa haraka maana muda unanibana na akili imegoma kabisa. Nina mradi wa muda mrefu wa kujenga modeli za Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, zote kwa skeli ya 1/72, na nikisema zote namaanisha kila toleo, kuanzia Mk I yenye injini ya Merlin mpaka Mk 24 yenye Griffon, katikati hapo zile za kupiga picha na ikiwezekana Seafire za wanamaji. Mnaojua mnajua, hiyo sio kazi ya wikiendi mbili. Sasa kuna kundi la ndege zilipakwa rangi kitambo, kwa brashi, enameli (rangi ya mafuta) nzitoo mpaka mistari ya paneli imemezwa, na nyingine rangi zenyewe sio sahihi kihistoria. Nataka nizivue zote nianze upya na eabrashi, ile ya kupulizia rangi kwa hewa, kabla ya maonyesho. Nitumie nini kitoe enameli bila kula plastiki? Spiriti nimejaribu kwenye moja, inatoka kwa mbinde. Majibu ya kiufundi tu tafadhali.

Nipo_Pale:
Ngoja wajuzi waje. Nimekaa paleee.

Msasa Laini:
Karibu mkuu. Cha kwanza kabisa, usiguse asetoni wala thina kali ya rangi za magari, hiyo polistireni, plastiki ya modeli, itageuka uji na bawa utaliokota na kijiko. Spiriti ya isopropili inang'oa akriliki (rangi ya maji) vizuri ila enameli iliyokauka miaka inagoma, kwa hiyo ulichokiona ni kawaida. Wengi tunatumia dawa ya kusafishia oveni, ile yenye sodiamu haidroksaidi. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, weka ndege kwenye mfuko wa plastiki, piga dawa, funga, rudi baadaye na mswaki wa zamani. Vioo vya rubani vitoe kwanza kama vinatoka. Na usivue zote kwa mkupuo, anza na moja mbovu.
Ila nina swali, rangi zipi hizo sio sahihi?

Babu Propela:
Mimi nitakuuliza tofauti kijana wangu. Kwa nini 1/72? Spitfire ya kweli ina upana wa mabawa mita 11.23, ukigawa kwa 72 unabaki na sentimita 15 na nusu hivi, hapo ndani utaweka nini? Ungeenda 1/48 unapata sentimita 23 na ushee, chumba cha rubani kinaonekana, mikanda inaonekana, raha. Mimi nilianza kama wewe, nikasema nitajenga zote, nikaishia kwenye Mk V moja ya jangwani yenye lile dude la kuchujia vumbi chini ya pua, nimekaa nayo miaka, kila nikiitazama naona kitu cha kurekebisha. Mradi wa kujenga zote ni ugonjwa, nakuambia kama mgonjwa mwenzio. Uza hizo, anza moja kubwa.

Pilipili_Kichaa:
Zaidi ya ndege 20,000 zilitengenezwa, mkuu anataka kuzimaliza zote peke yake. Waingereza wenyewe walitumia viwanda.

Rejeta_Mbili:
@Babu Propela shikamoo mzee, skeli nimeshaamua siku nyingi na sirudi nyuma, kabati limeshatengenezwa kwa vipimo hivyo.
@Msasa Laini asante sana. Rangi mbovu ni kama hivi: kuna Mk IX imepakwa kahawia na kijani kama zile za vita vya 1940 wakati Mk IX imeingia kazini 1942, na RAF, jeshi la anga la Uingereza, walishaacha kahawia kwenye ndege za mchana huku Ulaya tangu Agosti 1941 wakahamia kijivu na kijani. Halafu kuna Mk IX nyingine, mtanisamehe, ina rangi ya WARIDI. Mwili mzima. Na ubavuni ina tundu alilotoboa kwa mkono, sijui la nini, nimeshaliziba kwa puti na kulipiga msasa. Sasa niambieni, nikiweka kitu kama hicho mezani majaji watanionaje?

Msasa Laini:
"Alilotoboa" nani?

Rejeta_Mbili:
Mtu aliyezijenga mwanzo. Hilo sio la msingi, tuendelee na dawa. Hiyo ya oveni inaharibu puti?

Dada Kibano:
Kaka hebu simama hapo kwanza. Umeanza na "zilipakwa", sasa ni "aliyezijenga mwanzo". Hizo ndege ni za nani?

Nipo_Pale:
Nimevuta kiti karibu.

Rejeta_Mbili:
Sawa, maana naona bila hilo hamtanisaidia. Ni za mzee mmoja aliyenifundisha hii kazi. Mradi wa kujenga zote aliuanzisha yeye, mimi nilikuja baadaye nikawa namsaidia, tukagawana, yeye akashika nyingi za Merlin mimi nikaenda kwenye Griffon. Siku hizi mikono inamtetemeka, brashi haishiki tena, akaniletea maboksi yake yote akasema nikae nazo. Maneno yake ni hayo, "kaa nazo, mkusanyiko usije ukatawanyika". Sasa mkusanyiko ambao nusu ina mistari safi na nusu ina rangi kama lami ni mkusanyiko gani? Na kwenye maonyesho atakuja mwenyewe kama mgeni, nataka akute zote ziko kwenye kiwango kimoja. Kwangu mimi hiyo ndio heshima. Na kabla hamjaanza, jina lake litaandikwa kwenye kibao, tena la kwanza.

Dada Kibano:
Jina lake kwenye kibao, kazi yake kwenye mfuko wa dawa ya oveni. Kaka, mtu hawezi kupaka tena na wewe unataka kufuta alichopaka akiwa anaweza? Umemuuliza?

Rejeta_Mbili:
Nikimuuliza haitakuwa sapraizi.

Pilipili_Kichaa:
Itakuwa sapraizi kweli, usijali.

Fundi Mwiko:
Mimi niwape kisa. Mjomba aliniachia pikipiki yake ya zamani, nikaitia rangi nyekundu ya kung'aa, nikamwendea nayo nikiwa najisikia. Akaizunguka, akaniuliza ile yake iko wapi. Sio kwamba alikuwa anatania, alikuwa anaulizia kweli, akidhani nimeipaki sehemu nyingine. Mpaka leo hatujaimaliza ile hadithi. Fanya unavyoona lakini usiseme hukuambiwa.

Babu Propela:
Kwa upande mwingine tumpe kijana haki yake. Modeli sio kaburi. Sisi wenyewe tunavua za kwetu kila mara tukijifunza kitu kipya. Mitchell, aliyeibuni Spitfire, alifariki Juni 1937 ndege yake ina mwaka na miezi kadhaa tu tangu iruke, Joseph Smith akachukua ubao wa kuchorea akaibadilisha wee mpaka mwisho, injini nyingine, mkia mwingine, bawa jingine, na bado tunaiita Spitfire. Angesema asiguse kazi ya marehemu tungeishia Mk I. Ila ungejenga 1/48 haya yote yasingekukuta.

Rejeta_Mbili:
Asante mzee, angalau mmoja kanielewa.

Mla_Chai:
Samahanini wadau, nimesoma uzi wote huu na mimi nasema hii ni CHAI, tena ya moto. Nitoe sababu. Moja, picha hakuna hata moja, mtu ana kabati zima hana simu? Mbili, Spitfire ya pinki. Jamani. Za upelelezi zilipakwa BLUU, na hazikuwa na bunduki kwa sababu sehemu za bunduki waliweka mafuta. Huyu amesikia mahali kwamba kuna ndege za picha akachanganya madesa. Tatu, anajiita Rejeta_Mbili, ngoja nimpe mtihani: Mk V na Mk IX ukizitazama kwa chini unazitofautishaje? Asikimbilie Google.

Pilipili_Kichaa:
Haaaa sasa patamu. Mleta uzi uko wapi.

Rejeta_Mbili:
Mimi sina muda wa kutunga hadithi za plastiki. Mk V ina rejeta chini ya bawa la kulia na kushoto kuna kipoza oili kidogo cha mviringo, Mk IX ina maboksi mawili yanayolingana, ndio maana ya jina langu. Propela ya V mapanga matatu, IX manne. Bomba za moshi V tatu kila upande, IX sita. Na usije ukanitega kwamba Griffon zote zina rejeta mbili sawa, Mk XII ina mpangilio kama wa V. Umeridhika? Picha siweki kwa sababu anapita humu, mkanijua mmenijua.

Mla_Chai:
Sehemu ya tatu umepita. Sehemu ya pili bado. Pinki yenye bunduki haijawahi kuwepo, leta ushahidi au ukiri umetunga.

Nipo_Pale:
Kwa kweli hata mimi hiyo pinki ilinishtua. Nani apake ndege ya vita rangi ya keki ya harusi.

Msasa Laini:
Mla_Chai uko sahihi kwa PR XI, toleo la kupiga picha tu: bluu, haina silaha, inapanda juu sana, kule bluu inapotelea angani. Lakini kulikuwa na kazi nyingine, ya kupita chini chini ya mawingu, na huko bluu iliyokolea inaonekana kama doa ukitazama kutoka ardhini. Waridi hafifu sana, karibu na nyeupe, ndio ilipotea kwenye mawingu. Skwadroni ya 16 ya RAF mwaka 1944 walikuwa na FR IX za rangi hiyo hiyo. Na FR IX ilibaki na bunduki zake, maana chini huko unaweza kukutana na mtu. Ni Mk IX ya kawaida iliyowekewa kamera inayotazama pembeni.
@Rejeta_Mbili, lile tundu lilikuwa wapi?

Rejeta_Mbili:
Ubavuni kushoto. Nyuma ya kioo cha rubani.

Msasa Laini:
Hilo ni dirisha la kamera mkuu.

Pilipili_Kichaa:
Hapa sasa hata mimi sicheki.

Mla_Chai:
Sawa, ya pinki nimejifunza, asante Msasa. Ila picha bado hakuna na msimamo wangu uko pale pale.

Dada Kibano:
Yaani mzee alitoboa kwa mkono dirisha la kamera kwenye ndege ya 1/72, kitundu kama cha sindano, na wewe umekiziba. Niambie hiyo ndege bado ina rangi yake.

Rejeta_Mbili:
Sasa ningejuaje? Hakuandika popote, boksi halina karatasi, chini ya msingi hakuna kitu. Mtu akikupa Mk IX ya waridi yenye tundu utafikiri nini? Na ndiyo niliyoanza nayo, niliisema mwanzo kabisa kwamba nimejaribu spiriti kwenye moja, upande wa juu wote umeshabaki plastiki tupu na chini imebaki mabaka. Hata hivyo brashi ni brashi, rangi ingekuwa sahihi bado ilikuwa nzito, ningeipaka upya tu. Sioni kilichoharibika ambacho eabrashi haiwezi kurudisha. Na ile ya kahawia na kijani je? Hiyo nayo mtaniambia ilikuwepo?

Msasa Laini:
Angalia vizuri hicho kijani. Kama kinaelekea njano ya mchanga basi hiyo ni rangi ya jangwani, kahawia na mchanga juu, bluu ya anga chini, Mk IX za Mediterania zilivaa hivyo sana.

Rejeta_Mbili:
Ni kijani. Kijani cha majani. Chini ni kijivu.

Msasa Laini:
Basi hiyo alikosea, au alitaka iwe hivyo. Anayejua ni mmoja na ana simu.

Babu Propela:
Ukiwa unafungua upya hilo dirisha, tumia kichwa cha drili cha milimita moja au pungufu, zungusha kwa vidole, usitumie mashine, puti ikikauka inachomoka kipande kizima. Ndani weka tone la gundi nyeupe, ikikauka inakuwa kioo. Kwa 1/48 ungeweza hata kuchonga kamera yenyewe.

Rejeta_Mbili:
Asante mzee. Sasa hiyo waridi nachanganyaje? Nyeupe na nyekundu tu au inaongezwa kitu? Mabaka ya chini nimeyaacha niyatumie kulinganisha.

Dada Kibano:
Mpigie.

Rejeta_Mbili:
Nimeuliza rangi dada yangu, sijauliza simu.

Msasa Laini:
Nyeupe nyingi, nyekundu tone moja moja kwa ncha ya kijiti, na kahawia kidogo sana isije ikawa rangi ya midoli. Ila hayo mabaka yamekaa na spiriti, yameshabadilika, usiyaamini. Mwenye kopo la mwanzo ni yeye.

Mtaa_wa_Nyuma:
Wakuu salama, sijasoma comments zote niko mbio ila hili swali nimelikuta mwenyewe. Achana na spiriti. Chukua beseni, mimina fluidi ya breki, tumbukiza ndege zote kwa pamoja jioni, asubuhi unazikuta nyeupee kama zimetoka kiwandani. Usisahau glavu.