Kupanga sehemu ya hangari Alameda Point: tunaongea na jiji au na Jeshi la Majini?

Seremala_Magharibi

Wakuu, salaam. Tuko mafundi samani wanne, tunatafuta futi za mraba 3,000 hivi kwenye hangari za iliyokuwa kambi ya ndege ya Jeshi la Majini, Alameda, California. Dari refu, mlango unapitisha lori, maegesho bwerere. Tunaomba wenye uzoefu wa mambo haya mtufafanulie:

Mwenye mali hasa ni nani kwa sasa? Mkataba unapitaje baraza la jiji na unachukua muda gani? Gharama zipi hazitajwi kwenye tangazo? Na kwa nini wadogo hutajiwa miaka mitano tu?

Tutafunga mtambo wa kunyonya vumbi la mbao nje ya ukuta, kwenye msingi wa zege.

MpimaArdhi

Karibu mkuu. Jibu fupi: majengo mengi ni ya jiji, lakini kila kipande cha ardhi pale kina historia yake.

Kambi iliwekwa kwenye orodha ya kufungwa mwaka 1993, duru moja na Mare Island na Treasure Island, kambi nyingine za Jeshi la Majini kwenye ghuba hiyo, ikafungwa rasmi Aprili 1997. Watu hudhani jeshi likishusha bendera jiji linakabidhiwa funguo. Sivyo. Sheria ya shirikisho hairuhusu hati ya kawaida kutolewa mpaka serikali iahidi ndani ya hati hiyo kwamba kazi yote ya usafishaji inayohitajika imefanyika. Alameda palikuwa pachafu: viyeyusho vya karakana za injini kwenye maji ya ardhini, radiamu iliyopakwa kwenye mishale ya saa za ndege na kuoshewa kwenye mifereji. Mwaka 1999 pakaingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya Superfund, yaani maeneo machafu kupindukia yanayosafishwa chini ya usimamizi wa shirikisho. Kwa hiyo kwa miaka mingi jiji lilikuwa mpangaji wa Jeshi la Majini, nalo likawapangisha wengine. Mpangaji wa mpangaji.

Bei nayo ilichelewesha. Mwaka 2006 jeshi lilitaka dola milioni 108.5. Soko la nyumba likaanguka, mipango ikafa, na baadaye pande mbili zikakubaliana ardhi itolewe bure kwa masharti. Sehemu kubwa ya kwanza ilikabidhiwa Juni 2013, nyingine zikafuata kwa awamu. Sharti kubwa la "bure" hiyo: fedha za kuuza na kupangisha zirudishwe kwenye kuendeleza kambi ileile kwa miaka isiyopungua 7. Kodi yako ya pango ndiyo inayoziba paa la jirani yako.

Kabla hujaongea bei, omba vitu vitatu kwa namba ya jengo. Cha kwanza, hati ya ukabidhi ya kipande hicho, au ithibati kwamba bado hakijakabidhiwa. Cha pili, tamko la jeshi kwamba kipande kinafaa kuhamishwa (waulize "FOST", wote wanaijua). Ndani yake utaona asbesto, rangi ya risasi na visima vya kupimia maji viko wapi. Cha tatu, orodha ya masharti ya matumizi: wapi hairuhusiwi kuchimba, kugusa maji ya ardhini, kuweka makazi au kulea watoto. Ukikuta kisima cha kupimia kiko ndani ya eneo lako, kifuniko cha chuma sakafuni kinachotosha sahani, jua wapimaji wana haki ya kuingia. Usiweke mashine juu yake.

Angalia pia kama kipande kiko chini ya amana ya jimbo ya ardhi ya pwani. Huko hakuna kuuziwa, ni kupanga tu, na makazi hayaruhusiwi. Kwa karakana si tatizo, ila usijidanganye kwamba siku moja mtanunua.

Karani_wa_Zamani

Naongezea upande wa baraza.

Baraza ni watu 5, meya akiwemo. Katiba ya jiji inasema kupangisha mali ya jiji kwa zaidi ya mwaka mmoja kunapitishwa kwa sheria ndogo, na zipatikane kura 4. Si 3. Diwani mmoja akisafiri na mwingine akajitoa kwa mgongano wa maslahi, hata wote watatu waliobaki wakikubali, bado hamtoshi.

Bei na masharti ya malipo hujadiliwa kwanza kwenye kikao cha faragha, ambacho sheria ya jimbo inakiruhusu kwa mazungumzo ya mali. Kinachofuata ni cha wazi, na ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla. Sheria ndogo husomwa mara ya kwanza, kisha hupitishwa kikao kingine. Vikao ni Jumanne ya kwanza na ya tatu. Ikishapita, inangoja siku 30 ndipo ianze kufanya kazi. Piga hesabu: wiki mbili na siku 30 ni siku 44, mambo yakienda sawa na bila kuhesabu miezi ya mazungumzo. Kosa la kila siku ni mtu kutoa notisi ya kuhama alikokuwa baada ya ile kura ya kwanza. Subirini mpaka siku 30 ziishe.

Mkataba wa mwaka mmoja au pungufu una njia fupi zaidi, ndiyo maana maofisa huupenda. Kwa mwenye mashine za kubeba kwa winchi, mwaka mmoja ni mzaha.

Gharama zisizotajwa. Kubwa ni kodi ya haki ya kukalia mali ya umma. Jiji halilipi kodi ya majengo, lakini wewe mfanyabiashara uliyekaa ndani yake unalipa, na bili inatoka kwa mthamini wa kaunti, si kwa jiji. Huhesabiwa kwa aliyekuwepo tarehe 1 Januari. Ukiondoka tarehe 5, bili ya mwaka mzima ni yako. Malizeni mkataba Desemba 31 au kabla.

Ya pili ni umeme. Ubao mkuu mmoja huweza kuwa unalisha wapangaji wote wa jengo, kwa sababu kambi haikujengwa kwa mita za mtu mmoja mmoja. Ulizeni kama kuna awamu tatu, amperi ngapi zimebaki, na nani analipia mita ndogo. Iandikwe.

Mkaguzi_Moto

Seremala, ile 3,000 uliyoitaja ndiyo tatizo lako la kwanza, mbele ya baraza na yote yaliyosemwa.

Kanuni ya majengo inasema karakana ya mbao yenye kazi za kutoa vumbi laini kwa zaidi ya futi za mraba 2,500 lazima iwe na mfumo wa kujinyunyizia maji. Watu husema, basi tutapiga msumeno kwenye 2,400 na pengine tutapaka rangi. Haifanyi kazi kwenye hangari iliyo wazi, kwa sababu majengo ya kundi la viwanda yana kikomo kingine: eneo moja la moto (nafasi isiyokatwa na ukuta wa kuzuia moto) likizidi futi za mraba 12,000, mfumo unatakiwa vilevile, na hangari isiyogawanywa huhesabiwa yote. Ili 2,400 ikusaidie, ni lazima ukuta wa kuzuia moto utoke sakafuni hadi chini ya paa. Kwenye dari la hangari, bei ya ukuta huo huanza kushindana na bei ya mabomba yenyewe.

Halafu kuna suala la matumizi. Jengo lilijengwa na jeshi, halikuwahi kuombewa kibali cha jiji, kwa hiyo usitegemee kukuta cheti cha matumizi kabatini. Wewe unalibadilisha kutoka kuegesha ndege kuwa kiwanda. Mkaguzi anaanza ukurasa mweupe: njia za kutokea, vyoo na mlango wa mwenye kiti cha magurudumu, na uimara dhidi ya tetemeko. Ardhi yenyewe ni kifusi kilichomwagwa juu ya bwawa la ghuba, hulegea kama uji ikitikiswa.

Ukikuta mabomba ya moto tayari yapo, usishangilie. Uliza mambo mawili: mara ya mwisho yalijaribiwa lini, na yana povu au maji. Hangari za jeshi zilifungwa mifumo ya povu lenye PFAS, kemikali sumu zisizooza. Kule Brunswick, Maine, kambi iliyofungwa 2011, mfumo wa Hangari namba 4 ulijifungulia wenyewe Agosti 2024 na kumwaga galoni 1,450 za kemikali ya povu iliyochanganyika na maji, bila moto wowote. Kama povu lipo, mkataba useme nani analitoa na nani ana dhima likivuja.

Bandarini

Kuhusu miaka mitano. Nitasema wazi: ni sera iliyoharibu majengo.

Tuseme mfumo wa maji na umeme unawagharimu dola 120,000. Kwa miezi 60 ni dola 2,000 kila mwezi juu ya kodi ya pango. Kwa miezi 180 ni kama 667. Hakuna fundi mwenye akili atakayetia hela kwenye ile ya kwanza. Matokeo yake mpangaji anaziba paa kwa turubai, anavuna miaka yake, anaondoka, na jiji linabaki na jengo bovu kuliko lilivyokuwa. Wakati huohuo madiwani walikuwa wanaweka ardhi wazi kwa ajili ya mwekezaji mkubwa mmoja ambaye angeijenga yote. Februari 2010 wapiga kura waliukataa mpango mmoja wa namna hiyo kwa takriban asilimia 85. Mtengeneza pombe kali St. George Spirits yuko kwenye hangari yake tangu 2004, na waliomfuata ndio waliovuta wateja mpaka mtaa ukaitwa Spirits Alley. Sehemu ile ilifufuliwa na wapangaji wenye kiwanda na chumba cha kuonja mbele.

Karani_wa_Zamani

Bandarini, nusu nakubali. Kabla ya 2013 jiji lisingeweza kutoa muda mrefu kuliko liliopewa na jeshi. Na kodi za wapangaji hao wa muda ndizo zilizolipia zimamoto, polisi na pampu za maji taka kwenye eneo kubwa lisilo na mapato mengine. Baada ya hati kukabidhiwa, hapo ndipo sababu inapokwisha.

Kwa Seremala: msidai miaka 15 mara moja. Ombeni 5 na haki ya kuongeza 5 mara mbili, kiwango cha kodi ya pango ya kipindi cha pili kikiandikwa sasa hivi. Neno "bei ya soko" peke yake ni mtego. Pamoja nayo, ombeni punguzo la kodi ya pango kwa kila dola ya mfumo wa moto na umeme, kwa sababu hayo yanabaki na jengo. Mashine zenu na ndani ya ofisi msiombee, hamtapewa. Na kifungu cha jiji kuvunja mkataba kwa ajili ya ujenzi mpya kikiwepo, kiambatane na kulipwa sehemu ya uwekezaji ambayo haijarudi.

Seremala_Magharibi

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Swali la mwisho: ule msingi wa mtambo wa vumbi nje. Fundi zege anataka kushuka futi 6.

MpimaArdhi

Mwambie asubiri. Chini ya kifusi kuna tabaka la matope ya zamani lililolowa taka za mafuta za viwanda vya gesi na kiwanda cha kusafishia mafuta vya karne ya 19, kabla eneo halijajazwa. Wenyewe wanaliita Marsh Crust, na tangu 2000 jiji lina sheria ndogo yake: kuchimba chini ya kina kilichowekwa kwa eneo hilo kunahitaji kibali maalumu, na udongo unaotoka unashughulikiwa kama taka hatari mpaka uthibitike vinginevyo. Kina hicho hakifanani kila mahali, kiko kwenye ramani ya jiji. Fundi wenu achore msingi mpana usio na kina, bamba la zege juu ya ardhi lenye nanga, badala ya nguzo. Gharama ya zege itapanda kidogo; ya kusafirisha lori moja la udongo mchafu ni nyingine kabisa.

Na kwa kuwa ni nje: sehemu kubwa ya hangari na majengo ya zamani yako kwenye eneo la kihistoria lililosajiliwa kitaifa 2013. Chochote kinachobadilisha sura ya ukuta wa nje kinapita kwenye bodi ya historia. Mtambo uwekwe upande wa nyuma, usiguse madirisha, bomba lipite kwenye tundu lililopo. Kama jengo liko jirani na njia ya zamani ya ndege, taa za nje nazo zina masharti, kwa sababu ya membe wadogo, ndege wa pwani, wanaokuja kutaga huko kuanzia Aprili.

Dada_Geti

Naingilia kidogo. Mnaongelea walio ndani. Je, maduka ya nje ya geti? Mji wa ndugu zangu uko kwenye minong'ono ya kufungiwa kambi.

Bandarini

Dada, wa nje wapimwe kwa mteja, si kwa umbali kutoka geti. Askari mwenye sare hununua vingi dukani ndani ya kambi, na akihamishwa anaondoka na familia yake, hivyo huachi mtu asiye na kazi mtaani. Pigo ni wafanyakazi raia wa karakana: hao wana nyumba pale, na wanabaki. Kinyozi, dobi na mgahawa wa mchana wataumia mwezi uleule; duka la vyakula huweza hata kuongeza wateja, maana wastaafu wa jeshi waliokuwa wakinunua ndani kwa bei nafuu sasa hawana pa kwenda.

Baraza likiwa makini, huanza mapema: linaunda chombo kimoja cha kuratibu kinachotambuliwa na Wizara ya Ulinzi, kwa sababu bila hicho hakuna ruzuku ya mipango. Ruzuku hiyo huenda kwa chombo, haimfikii mwenye duka, kwa hiyo wafanyabiashara wadai viti kwenye chombo chenyewe. Kisha kuna dirisha la siku 90 hadi 180 la kupokea maombi ya majengo, na watoa huduma kwa wasio na makazi wana haki ya kusikilizwa humo kwa sheria ya 1994. Mji unaowapuuza hurudishiwa mpango wake na wizara ya nyumba. Ndugu zako waanze sasa kuandika kila risiti iliyolipwa kwa kadi ya serikali, miezi 12 mfululizo.