Naombeni ushauri: mlezi wa kiroho amwachie kijana wake lini?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Usharikani tunaendesha ulezi wa kiroho kwa vijana waliobarikiwa kipaimara, na kuna sehemu inatusumbua.

Utaratibu ni huu: mlezi mmoja, vijana wasiozidi watatu, wa kiume kwa mwanamume na wa kike kwa mwanamke. Wanakutana saa moja kwa wiki, mahali pa wazi, barazani au kanisani. Si chumbani, wala si kwa simu usiku. Mzazi anajulishwa tangu mwanzo. Wanasoma Injili ya Marko, sura 16, sura moja kila wiki, hivyo ni kama miezi minne. Nusu ya muda ni Neno, nusu ni maisha na maombi.

Yanayoharibu tunayajua. Mlezi anageuka mhubiri, kijana ananyamaza; au anageuka mkopeshaji, na siku pesa ikikosekana kijana haji tena. (Habari za kipigo au ubakaji haziwi siri ya mlezi, zinafikishwa polisi au ustawi wa jamii. Hapo hatuna mjadala.)

Kinachotushinda ni mwisho. Marko imekwisha, bado kijana anamtegemea mlezi kwa kila uamuzi, hata kazi gani aombe. Paulo alimwagiza Timotheo mafundisho aliyoyasikia kwake awakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine (2 Timotheo 2:2); kwetu wachache wanafika hapo.

Je, kijana apewe mwenzake mdogo wa kumlea kiroho mapema, tuseme mwezi wa tatu tangu aanze kulelewa, au asubiri akomae? Na vikao vikatwe mara moja, au vipunguzwe hadi kimoja kwa mwezi? Wazee wa kanisa na akina mama walezi, tusaidieni.