Wakuu, lensi gani MOJA ya zumu itanitosha ukumbini na porini? Natumia a6400

Kijana wa Msamvu
Habari za jioni wakuu. Nipo Moro hapa, napiga sendofu, kipaimara, harusi, na mara moja moja kuna jamaa wa magari ya watalii ananibeba kwenda Mikumi kupigia wageni wake picha. Kamera ni mirolesi (haina kioo ndani), Sony a6400, lensi ni hii hii iliyokuja nayo kwenye boksi, ya milimita 16-50, yaani 16 inachukua pana, 50 inavuta karibu. Miaka miwili sijalalamika ila Jumamosi iliyopita imeniumbua. Ukumbi una zile taa za LED za zambarau, MC kaita ndafu, bi harusi anamlisha mama yake kipande, mama machozi hayo, mimi nimebanwa nyuma ya meza ya kamati nikavuta mpaka 50. Kufika home nafungua kwenye kompyuta naona f 5.6 (tundu la mwanga), shata 1/50 ya sekunde, ISO 6400 (kamera imelazimisha mwanga), mkono wa bi harusi umefutika kama moshi na uso wa mama chenga tupu, vidoa vidoa. Mteja kaniulizia picha hiyo hiyo mara tatu, namwambia bado naedit.

Nina 1.5m, nikijikamua inafika 1.8. Nimezunguka kwenye Sony 18-135, Tamron 18-300, Sigma 18-50 na Tamron 17-70 mpaka kichwa kinauma. Video napiga pia kidogo. Natanguliza shukrani.

Babu Tripodi
Chukua 18-135 ulale usingizi. Gramu 325 tu, ina stebilaiza ya kutuliza mtikisiko wa mkono, unapiga ukumbi mzima halafu unavuta pete kidoleni bila kusogea. Mimi sibadilishi lensi kabisa, vumbi la huku Dodoma utaingiza kwenye sensa ulie.

Dada Shata
Mzee wangu shikamoo, ila hapo unampoteza kijana. 18-135 ukiivuta inaishia f 5.6 vile vile, yaani atoke 5.6 aende 5.6 na pesa imemtoka?? Msamvu tatizo lako sio umbali ni mwanga. Namba ya f ikishuka tundu linapanuka, toka 5.6 kuja 2.8 mwanga unaoingia ni mara nne, ile ISO 6400 ingeshuka mpaka 1600 kwa shata ile ile, au uache ISO hapo hapo upandishe shata mpaka 1/200 mkono wa bi harusi ugande. Na hizi za 2.8, yaani Sigma 18-50 na Tamron 17-70, ukivuta haibadiliki, ukiseti manyuo (kwa mkono mwenyewe) unasahau, sio hiyo yako inaanza 3.5 inamalizia 5.6 picha zinakuwa giza katikati ya shughuli hujui kwanini.

Babu Tripodi
Marahaba. Lakini kasema na Mikumi, au hujasoma? Simba atamfuata na 50?

Chenga Moja
Nunua flashi mzee, elekeza darini, mambo yameisha. Mnamtoa mtu milioni bure

Dada Shata
Flashi awe nayo ndio, ila kwenye video itamsaidia nini, na kuna kanisa nililopiga mchungaji alinisimamisha katikati ya viapo nizime "radi" yangu, watu wakacheka hatari. Na ukumbi wenye dari jeusi au turubai la mahema unaelekeza wapi?

Msamvu fanya hivi kabla hujatoa hata mia. Chukua harusi zako mbili tatu zilizopita, zile picha ULIZOMKABIDHI mteja sio zote, angalia kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi. Kama una Lightroom kuna filta ya metadata (taarifa za picha) inakupa hesabu yenyewe, kama huna bonyeza DISP kwenye kamera ukiwa unaangalia picha. Halafu rudi hapa.

Kijana wa Msamvu
Nimerudi, nimekesha. Harusi tatu, picha 612. Zaidi ya nusu ziko chini ya 24!! Za 45 kwenda juu ni 83 tu na nyingi ni viapo na kulishana. Mikumi ndio kinyume, karibu zote ni 50 na bado nimezikata kwenye kompyuta.

Pwani Lenzi
Salaam kutoka Mombasa. Ndugu, hapo mambo ni mawili, usiyaoe kwa mahari moja. Ya porini hata 135 haitoshi, labda wale ndovu wa kando ya barabara. Siku ya Mikumi kodisha 70-350, gharama mtie mwenye gari kwenye bei.

Ya ukumbini mimi natumia Sigma 18-50, kama gramu 290, filta ya 55, ni ndogo mpaka wenye arusi wanadhani natalii. Picha safi. Kasoro zake: haina stebilaiza, na a6400 nayo haina ndani ya bodi, kwa hiyo video ya mkononi inatetemeka, lazima gimbo, kile kishikio cha kutuliza kamera. Ya pili, 16 kuja 18 sio kitu kidogo vile watu wanasema. Chumbani bibi arusi akipambwa, shangazi sita ndani, mgongo washagusa ukuta na bado somo wa bibi arusi hayumo kwenye picha.

Fundi Lensi
Tamron 17-70 ina stebilaiza ndio faida yake kwako, na ile 70 utakaa nyuma ya kamati kwa raha zako. Ila ni gramu 525, a6400 yenyewe ni 403 na betri, itakuwa inainamia mbele, shika lensi usishike bodi.

Ukienda ya mkononi mwa mtu jihadhari na mambo mawili. Kuna Sigma 17-50 f 2.8, hiyo ni ya zamani ya DSLR, zile kamera za kioo, muuzaji atakwambia ni ile ile tu, SIO ile ile, mdomo wake haukai kwenye kamera yako. Pia hizi 18-50 na 17-70 zipo za Fujifilm, hakikisha ni E, mdomo wa Sony yako. Halafu washa tochi ya simu mulika upande wa nyuma uchungulie mbele. Mimi niliuziwa moja duka fulani Kariakoo nikamulika nilipofika Tanga, fangasi imetambaa kama utando wa buibui, kurudi jamaa ananiambia hiyo ni vumbi itatoka yenyewe.

Chenga Moja
itoke yenyewe ina miguu 😂😂

Kijana wa Msamvu
Mrejesho wakuu. Nilikodi Tamron siku moja kwenye sendofu ya Jumamosi. Ukumbi ule ule, zambarau ile ile. f 2.8, 1/160, ISO 3200, kope zinahesabika. Bega limeuma kweli, Fundi hukusema uongo. Nimepata ya mtu, 1.65, nimemulika tochi mpaka mwenyewe kakasirika. 16-50 siiuzi, itabaki ya chumba cha mapambo. Babu usinune, siku ukija Moro nitakukodisha.

Dada Shata
Hongera. Na ile ya mama na ndafu?

Kijana wa Msamvu
Nimeigeuza nyeusi na nyeupe chenga zikajificha, nikatuma roho mkononi. Mteja kasema nimeifanya makusudi ionekane ya zamani, kaagiza ikatwe fremu kubwa ya sebuleni. Nimekaa kimya.